Siku Tangawizi Iliporudi

Kwa miaka kumi na miwili, dada wa mapokezi alipokea simu za kiwanda cha soda bila kutukanwa. Kiwanda kilipopunguza tangawizi kwenye soda yake, matusi yakamwangukia yeye kutwa nzima. Hata mama mkwe wake alipiga.

"Mkwe wangu, mmetuletea maji ya kusuuzia vikombe?"

Akamwomba radhi, maana hata yeye alishaacha kuinywa.

Wiki ya nne akachukua daftari la malalamiko, akaingia kwa meneja bila hodi, akamsomea kurasa sita. Meneja akashika kichwa.

"Basi, basi! Tunarudisha ile ya zamani."

Soda hiyo ilipotoka, simu ilikaa kimya hadi mchana. Akavua viatu chini ya meza, akafungua chupa. Tangawizi ikampanda puani, akacheka peke yake.