Aliyeosha Pango

Mjomba wangu alilinda pango lenye michoro ya watu wa kale kwa miaka thelathini na moja, na nasema bila kumung'unya maneno: sijaona mlinzi aliyeipenda kazi yake kama yeye. Asubuhi alifungua geti la nondo, akafagia, akajaza ndoo maji, akasubiri wageni.

Rangi ya udongo mwekundu ilikuwa imefifia, na mgeni aliyetoka mbali hakosi kununa. Basi mjomba alichovya kitambaa, akakipitisha ukutani taratibu. Wanyama wakajitokeza, swala na twiga, na pembeni kabisa kiganja cha mtoto.

"Huyu ndiye mwenyeji wenu," aliwaambia wageni. "Mimi mfagizi wake tu."

Hakujaliwa mtoto. Mkewe alimtania kwamba ana mtoto wa nje, tena wa ukutani. Alicheka, lakini kiganja kile alikipangusa cha mwisho, kwa upole kuliko vyote. Na kwa kuwa alikiona kila siku, hakuona kinavyopungua.

Siku moja nilipompelekea chakula, nilimkuta na mtaalamu wa mambo ya kale, mama mmoja mpole aliyeshika picha ya zamani. Kwenye picha vidole vyote vitano vilionekana. Ukutani palikuwa na doa jeupe.

"Mzee, nani amekuwa akilowesha hapa?" aliuliza. "Maji yanavuta chumvi iliyomo ndani ya jiwe. Chumvi ikitoka, inabandua rangi."

"Nilipangusa kidogo tu," mjomba akasema. "Ili aonekane."

"Ndiyo, mzee wangu. Kidogo kidogo, kila siku."

"Atarudi?"

"Hapana."

Mjomba alikaa chini vumbini. Kiganja kile kilikuwa kimevumilia maelfu ya miaka, na aliyekimaliza ndiye aliyekipenda. Nilimchukia yule mama kwa kusema ukweli, Mungu anisamehe.

"Andika jina langu kwenye ripoti yako," mjomba alimwambia. "Aliyechora hatumjui. Aliyefuta ajulikane."

Mama yule aliitikia kwa kichwa. Nadhani alimwonea huruma.

Ripoti ilikuja mwaka uliofuata, mjomba akiwa mgonjwa, hatoki tena kitandani. Nilimsomea yote. Chanzo cha uharibifu, iliandikwa, ni unyevu.

"Basi?"

"Basi, mjomba."

"Soma tena, mwanangu. Labda umeniruka."

Nilisoma tena, neno kwa neno. Hakuwemo.