Mama Spana na mkanda wa gari la mdogo wake

Saa tatu asubuhi, Mama Spana amepiga goti mbele ya gari jeupe la mdogo wake, mkononi ameshika mkanda wa zamani alioutoa sasa hivi. Anaukunja kinyumenyume kwenye mwanga wa mlango wa gereji yake. Mgongo umejaa mipasuko, na meno mawili yamelika kabisa.

"Huu ungemkatikia njiani wiki hii hii," anasema. "Halafu tungeambiwa gari lina mkosi."

Mafundi huuita mkanda wa taimingi. Ndio unaozipangia zamu valvu na pistoni ndani ya injini. Ukikosewa meno machache tu, vyuma vinagongana na injini imekwenda na maji.

Mama Spana anayajua hayo kwa uchungu. Miaka miwili iliyopita aliliua gari hilihili. Mdogo wake, mshonaji anayesambaza mapazia, alikuwa na haraka, na Mama Spana, fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini na miwili, akaruka hatua ya kuizungusha injini kwa mkono kuhakiki mkanda kabla ya kuwasha. Akatia ufunguo, akawasha. Valvu nane zikapinda.

Alizibadilisha kwa pesa yake, na kwa miezi mitano hakubakiwa na kitu zaidi ya chakula.

"Pesa inauma lakini inapona," anasema. "Kilichonimaliza ni kumwona mdogo wangu anapeleka gari kwa wengine. Anapita hapa mlangoni, salamu hakuna."

Leo amerudi mwenyewe. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono kifuani.

Mkanda mpya unavishwa na kukazwa. Mama Spana anashika spana ndefu, anaanza kuizungusha injini taratibu. Inatakiwa mizunguko miwili kamili. Wa kwanza haujaisha, spana inagota. Anaiachia papo hapo, jasho linamtoka.

"Dada, tena?" Mdogo wake amesharuka kutoka kwenye ndoo.

"Tulia, mwanamke wewe. Hakijavunjika kitu."

Anafuta puli, gurudumu linalobeba mkanda, kwa kitambaa na kuinama karibu. Kila fundi hupenda kupaka alama yake ya rangi asipotee, na fundi aliyetangulia alipaka nyeupe anayoielewa mwenyewe tu, meno matatu mbali na alama ya kiwandani. Mama Spana ameifuata rangi hiyo.

"Nimeamini mkono wa mtu nisiyemjua," anacheka kwa aibu. Anaikwangua rangi yote, anavua mkanda, anaanza upya.

Safari hii mzunguko wa kwanza unapita. Wa pili unapita. Alama zinakutana. Anampa mdogo wake ufunguo.

"Washa wewe. Mimi moyo sina."

Injini inaitika mara moja. Mama Spana anajibwaga sakafuni, anashusha pumzi ya miaka miwili.

"Mwenda pole hajikwai. Kumbe nawe unafundishika!" mdogo wake anamtania, kisha sauti inalegea. "Jumamosi nampeleka mama kliniki. Twende wote, dada. Utakaa mbele."

Akiulizwa ana mipango gani, Mama Spana hafikirii mara mbili.

"Jumamosi sifungui gereji," anasema, akijifuta macho kwa kiwiko, maana viganja vyote vina grisi.