Tafsiri Niliyoifupisha

Miaka ile ya ujamaa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kamachumu, na Kiswahili changu nilikionea fahari kupita kiasi. Barua za nusu ya kijiji niliandika mimi. Kwa hiyo mama yangu alipougua, hakuna aliyejiuliza nani atamsindikiza Bukoba mjini akamsemee kwa wauguzi.

Hakuwa na homa wala kikohozi. Mwanamke aliyekuwa akikitunza kibanja chetu mpaka wapita njia wakasimama kuitazama migomba, aliacha jembe mlangoni akalala. Nyasi za sakafuni, ambazo kila Jumamosi alizibadilisha ili Jumapili itukute wasafi, zilikauka zikawa vumbi. Senene, panzi wetu watamu, walipoanguka msimu ule na majirani wakatoka mbio na vikapu, yeye aligeukia ukutani. Usingizi hakupata, chakula hakikupita, na ukimsemesha alijibu baada ya kitambo kirefu. Balozi wa nyumba kumi akaja kulalamika kwamba hajaonekana kwenye shamba la kijiji mwezi mzima, na mkutanoni mtu akamwita kupe. Nami, nikiri tu, iliniuma aibu kuliko ugonjwa wenyewe.

Muuguzi wa magonjwa ya akili alikuwa mama wa Kiislamu kutoka pwani, aliyehamishiwa kwetu karibuni, na Kihaya alijua salamu tu. Nilimwamkia na kujitambulisha kwa madaha kwamba mimi ni mwalimu. Akampa mama pole, akamuuliza analalaje, anakulaje, na moyoni anahisi nini.

Mama akasema kwa Kihaya, taratibu, akiangalia mikono yake. Alisema asubuhi ikifika anaona uzito tu. Alisema sisi wanawe tungeishi vizuri zaidi bila yeye, kwamba anaomba asiamke, na kwamba siku nyingine anafikiri kujiondoa mwenyewe.

Nikamgeukia muuguzi nikasema, "Anasema amechoka."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Mwalimu," akasema, "mama amesema maneno mengi, na wewe machozi yanakutoka. Mimi umenipa neno moja. Nipe yaliyobaki."

Nilijitetea kwamba ni mambo ya nyumbani tu. Hakukasirika. Alisema bila maneno hayo atampa mama vidonge vya usingizi na kumrudisha alikotoka, na hilo hataki kulifanya. Basi nikayasema yote, moja baada ya jingine, na Kiswahili changu cha kujivunia kikawa kama cha mtoto wa darasa la kwanza.

Hakushtuka, wala hakutaja dhambi. Alimuuliza mama waziwazi kama anafikiri kujiua, na kama ameshapanga namna. Niliogopa kulitafsiri hilo, nikidhani kulitaja ni kumfundisha. Kumbe sivyo. Mama aliinua uso, akamtazama mtu machoni kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akajibu.

Siku hizi wanauita sonona. Muuguzi aliuita ugonjwa wa huzuni. Alitueleza kwamba ni ugonjwa kama mwingine, si uvivu, si kurogwa, si upungufu wa imani, na kwamba unatibika. Alitoa vidonge vya kumeza kila jioni, akaonya kwamba mdomo utakauka, kwamba nafuu itachukua wiki kadhaa, na kwamba mgonjwa akijisikia mzima asiviache mpaka aambiwe. Baba avifungie sandukuni, mama asibaki peke yake, na kila baada ya wiki mbili tumrudishe wazungumze. Kila siku afanye kajambo kamoja kadogo, atake asitake. Mwisho akaandika barua ya kumwombea mama mapumziko. Balozi, mtu wa sauti kubwa, aliisoma kimya, na kesho yake akaja mwenyewe kupalilia kibanja chetu.

Wiki mbili za kwanza hatukuona kitu isipokuwa kiu. Nikataka kuvitupa vile vidonge. Baba akakataa kunipa ufunguo. Baba yangu huyo, mwanamume wa Kihaya wa zamani, aliingia jikoni akapika mbele ya macho ya majirani, na waliocheka aliwaacha wacheke. Ninampenda kwa hilo mpaka leo. Wiki ya tano nikiwa nasahihisha madaftari nilimsikia mama akimgombeza baba kwamba ndizi hazina chumvi. Nilitoka nje nikalia kwa furaha.

Alimeza dawa karibu mwaka mzima, na safari za mjini hakukosa hata moja, mvua ikinyesha au isinyeshe. Kwenye shamba la kijiji alirudi kwa miguu yake, akawaambia wanawake wenzake alichougua na alikotibiwa. Sijaona ujasiri kama ule.

Miaka mingi baadaye, tukimenya ndizi, nilimwomba msamaha kwa kuyafupisha maneno yake. Aliendelea kumenya. Akasema Kiswahili alikuwa akikisikia vizuri kuliko nilivyodhani, na neno langu lile moja alilisikia, akafurahi.

"Niliyasema yote kwa kuwa nilijua hutayafikisha kwake," akasema. "Sikuwa naongea na muuguzi, mwanangu. Nilikuwa nakuaga wewe."