Vyumba vya Juu

Mama mmoja mkunga alistaafu akiwa amewapokea watoto wa mtaa mzima, na wake mwenyewe watatu wakiwa mbali, kila mmoja na nchi yake. Mumewe alikuwa ameshatangulia. Baada ya kustaafu ndipo alipogundua kwamba watu walimjua kwa kazi tu. Mimba zikiisha, na salamu huisha.

Akaamua kuhama nyumba ya kupanga na kununua yake. Dalali akamwonyesha nyumba ya ghorofa, sebule pana chini, vyumba vitatu juu. Mkunga alipanda ngazi, akaviona vyumba vile, moyo ukatulia. Kila mtoto na chumba chake, wakija.

"Kizuri chajiuza," dalali alisema. "Mimi nimekuja kufungua mlango tu."

Lakini kitinda mimba wake alimsihi kwenye simu: "Mama, usisaini kitu kabla mhandisi wa majengo hajaikagua. Dalali hawezi kukwambia ubaya wa nyumba anayoiuza."

Mhandisi akaja, mwanamke mfupi, buti zimejaa vumbi, mkononi nyundo ndogo. Alikuwa akigonga ukuta, kisha anatega sikio. Mkunga alimtazama kwa raha. Na yeye miaka yote hiyo alikuwa akitega sikio matumboni namna hiyo hiyo.

Sebuleni mhandisi akasimama, macho darini. "Hapa palikuwa na ukuta."

"Waliutoa nyumba ipate hewa," dalali akadakia.

"Ukuta huo ndio uliokuwa umebeba sakafu ya juu. Na hawakuweka boriti badala yake."

Wakapanda juu. Mhandisi akatoa gololi mfukoni, akaiweka sakafuni kando ya mlango. Gololi ikabingirika yenyewe, taratibu, ikaenda kutulia katikati ya chumba.

"Sakafu imebonyea," alisema. "Na ukutani kule chini kuna ufa, wameupaka rangi tu."

"Hautibiki?" Mkunga aliuliza.

"Unatibika. Nguzo, boriti ya chuma, na mafundi wa kuaminika. Ila ni kazi kubwa, mama, na kama si lazima nisingekushauri. Huku juu watalala watu wangapi? Nijue uzito."

Mkunga akaanza kukunja vidole. Mkubwa na mkewe na watoto wao. Binti na mumewe. Kitinda mimba. Akahamia mkono wa pili.

"Wanahamia lini?" mhandisi aliuliza, bila ubaya wowote.

Vidole vikasimama. "Hawahamii. Wanakuja kutembea." Akavikunjua. "Mara ya mwisho walikuja kumzika baba yao."

Dalali akatoka kwenda kupokea simu ambayo haikuwa imeita.

"Basi nihesabu nani, mama?" mhandisi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nihesabu mimi peke yangu."

Nyumba ile hakuinunua. Alirudi kwenye nyumba yake ya kupanga na kwa wiki kadhaa hakutaka hata kusikia habari za nyumba. Watoto walipopiga simu aliwaambia sakafu ilikuwa mbovu. Wakamsifu kwa busara yake, na hakuwaeleza zaidi.

Baadaye akapata nyingine, ndogo, ya chini, vyumba viwili na jiko. Akamwita mhandisi yule yule. Akagonga, akatega sikio, akachungulia msingi na paa, mwisho akapiga ukuta kofi kama anayemsifu ng'ombe.

"Hii itakuzika, mama!" Kisha akashtuka kwa alichokisema.

Mkunga akacheka hadi akashika kiuno. "Ndiyo ninayoitaka hiyo, mwanangu. Siku nikihamia njoo ukae kidogo."

Mhandisi akaja kweli, akakaa kidogo, akaaga. Kulikuwa na nyumba nyingine ya kukagua ikimsubiri. Mkunga akamsindikiza kwa macho mpaka kona ya barabara. Kisha akajaribu ufunguo wake mpya. Akafunga mlango, akaufungua, akaangalia nje, akaufunga tena akiwa ndani.