Mabano Ambayo Orrin Hakuyaandika

Orrin Maki wa Duluth alikuwa mtunzaji wa vitu ambavyo wengine wamekwisha kuvipa kisogo. Sisi mafundi hukimbilia toleo jipya la kiini cha mfumo, yaani ule moyo wa kompyuta. Yeye alibaki na matoleo ya zamani ambayo hospitali na viwanda bado vinayategemea. Tundu likizibwa kwenye jipya, Orrin huchukua kiraka kile kile, yaani mistari michache ya kurekebisha programu, akakishonea kwenye la zamani. Kazi ya kuchosha, na asante hupati.

Viraka vingi vya kugawa kumbukumbu ya kompyuta vilitoka kwa Solveig Lund. Wee, walivyokuwa wakigombana hao wawili! "Solveig, hapa ulikuwa umelewa?" Orrin humwandikia mbele za watu. "Nimelewa ndiyo, na wewe umezeeka," yule mama naye hujibu, kisha anarekebisha. Vuli moja saratani ikamchukua Solveig, na kiraka chake cha mwisho kikabaki mikononi mwa Orrin.

Kwetu, ukibadilisha kiraka cha mtu, jina lake linabaki juu, nawe unaandika ndani ya mabano jina lako na ulichogusa, ili kosa likitokea tujue wa kumuuliza. Orrin hakuandika mabano. Kiraka kiliingia kwenye toleo la zamani bila kulalamika, naye akaapa haongezi hata nukta kwenye maneno ya marehemu. Heshima gani hiyo, jamani? Kwenye toleo jipya, kumbukumbu inakuwa imeshafungwa kufuli, programu mbili zisiiguse kwa pamoja, kabla ya kufika kwenye kiraka. Kwenye la zamani hakuna aliyeifunga; Orrin ndiye aliyepaswa kuongeza kufuli hiyo. Kompyuta zikaanza kuganda huku na huko, na watu wakamtukana Solveig kwa jina.

Mumewe, Dale, akampigia Orrin simu, naye akaiweka kwenye spika. Nilikuwa jikoni kwa Orrin nikamwaga kahawa kwa hasira ya matusi yale.

"Orrin, wanasema mke wangu aliharibu."

"Hakuharibu yeye, Dale. Ni mimi. Nimeshawaandikia wote. Kiraka kipya kiko tayari, ila jina lake nalitoa, lisije likachafuliwa tena."

"Thubutu! Liache hapo hapo. Weka mabano yako." Dale akavuta pumzi. "Miaka yote ulikuwa unamsahihisha mpaka ananirushia mimi viatu. Uliacha lini, ndugu yangu?"

Orrin alijifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Alipokufa," akasema.