Turubai la Kijani Juu ya Sambaza

Mvua ya mchana inaingia soko la Kadutu bila hodi. Maman Clémence, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, anaruka kutoka kwenye benchi lake na kukumbatia mahema yote yaliyoanikwa nje. Dakika mbili tu, kibanda kimejaa nguzo za alumini na harufu ya mitumba.

Hatua sita mbele yake, maman Rosette wala hashtuki. Anaendelea kupanga sambaza zake, visamaki vya ziwani, mafungu mafungu. Juu yake kuna turubai la kijani, jembamba, lenye mishono safi, na maji yanateleza tu na kuishia kwenye mfereji.

"Ile bâche unaona? Miye njo niliiuzisha," anasema Clémence, bila kuiangalia. "Kila mvua inaninyeshea roho."

Clémence alianza maisha ya kazi akibeba magunia ya muhogo kutoka Nyangezi, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso. Alipohamia biashara ya mahema ya mitumba, aliendelea kupima kwa paji lile lile. Mzigo usiomvuta shingo ndio aliouita mzuri.

Mnunuzi aliyemwamini kuliko wote ni Delphin, mtoto wa mama yake mdogo, aliyekuwa akiwabebea mizigo watafiti wa mimea katika mlima Kahuzi. Huko juu usiku ni baridi kali na mvua haina msimu. Wabebaji walilala chini ya plastiki. Delphin alitaka hema lake mwenyewe, lisilomvunja mgongo.

Julai, miaka minne iliyopita, Clémence alifungua balo la mitumba akakuta hema la sehemu mbili: la ndani lenye wavu, na shuka la kijani la kufunika juu. Kiangazi kilikuwa kikali. Tena Kadutu, turubai zuri halimalizi saa moja bila mteja.

"Nikafikiri ni nguo ya kufunika tente wakati ya safari, sawa vile watu wanafunikaka gari. Rosette akaibeba siku ile ile."

Hema la kilo tatu likabaki kilo moja na nusu. Delphin alilitundika kwenye paji, akamwambia dada yake huyo mkubwa kwa kicheko: "Yaya, hii haifikie hata uzito ya kuku!" Kisha akauliza: na mvua?

"Nikamujibu, mutoto, kitambaa ya Wazungu haiogopake mvua." Clémence anafunika mdomo kwa kiganja. "Na sikukuwa nimeimwangia hata kikombe moja ya maji!"

Oktoba, usiku wa pili mlimani, mvua kubwa ilipita kwenye wavu moja kwa moja. Delphin hakukimbilia kwa wenzake. "Nilipata haya," anasema leo. "Nilikuwa nimejisifu sana, nikisema yaya wangu njo alinichagulia." Asubuhi waliteremka naye wamembeba. Alilazwa siku kumi na moja kwa homa ya mapafu, na daktari akamkataza mlima.

Sasa ana miaka thelathini na mitatu na anauza vocha za simu. Ngazi za Kadutu humlazimu kupumzika mara mbili. "Tente ilikuwa mubaya tu. Kosa ya kiwanda," anasema.

Hajui. Clémence mwenyewe aligundua mwaka uliofuata, alipopata hema jingine lenye mchoro wa kulisimamisha, shuka la juu likionyeshwa kama kinga ya mvua. Alikaa na karatasi ile mpaka soko likafungwa.

Tangu hapo hauzi hema la mlimani kabla ya kuketi ndani huku likimwagiwa ndoo mbili za maji. Hutazama kama shuka la juu linafika chini, na kama vidole vilivyokufa ganzi vinaweza kulifunga. Wateja wanalalamika kwamba maman huyu anachosha.

"Ninauliza: unaenda wapi? Kama ni kulala kwenye kilio ya matanga Nyangezi, beba yenye unapenda. Kama ni mulima, utabeba kilo tatu na utanyamaza!"

Hema lile la wavu liko chini ya benchi lake, limefuliwa na kukunjwa. Mpango wake ni kulikomboa turubai kwa Rosette, kuyaunganisha, kisha alale yeye mwenyewe mlimani mvua ikinyesha. Lakini kwanza amwambie Delphin. Miaka mitatu anasema atamwambia Jumapili.

Mvua inazidi. Delphin anapanda kutoka barabarani akihema, mkono kifuani, na kujibanza pale anapojibanza kila siku, kwa maman Rosette. Anapewa kigoda. Anainua macho.

"Maman Rosette, hii bâche yako iko nguvu!" anasema. "Kule mulima ingetuokoa."

Clémence amesikia. Anainama, anavuta hema kutoka chini ya benchi, analikumbatia kifuani. Halafu anatoka nalo mvuani, hatua sita zile, na kilemba chake kinalowa.

"Delphin," anasema. "Simama, mutoto ya mama. Iko kitu ya kukuambia."