Maradhi ya Mama na Daktari wa Maskati

Mama aliletwa kwangu Pongwe kutoka Mwera akiwa amekonda, akikaa upande upande kama mtu anayeogopa kiti. Wakati huo kiwanda tulichofanyia kazi kilikuwa kimeshauzwa, nami nimepunguzwa, nashinda nyumbani. Aliyetulisha ni mke wangu, kwa chapati na maharage aliyouza sokoni tangu alfajiri. Kwa hiyo kumuuguza mama ikawa kazi yangu.

Hospitali tulikwenda. Tukapanga foleni mpaka miguu ikafa ganzi. Mama akamwambia daktari, mwanamume wa makamo, kwamba anaumwa magoti na kichwa. Akapewa dawa za magoti na kichwa, akaambiwa arudi zikiisha. Tukarudi. Tukapewa zilezile.

Nilikuwa na dada, mtoto wa mama mdogo, daktari kule Maskati. Simu haikutufaa, laini ilikatika kabla salamu hazijaisha. Ndipo jirani akanieleza kwamba mjini kumefunguliwa duka la intaneti, unaandika shida yako leo, kesho ukirudi unakuta jibu. Nikamchukua mama tukaenda.

Alikalishwa kwenye kiti cha plastiki kando yangu. Akaitazama kompyuta kwa muda.

"Yumo humu?"

"Hayumo, mama. Naandika barua hapa, yeye ataisoma hukohuko aliko."

"Basi mwulize kwanza hali yake. Na ya mumewe. Na watoto."

Herufi nilizitafuta mojamoja. Salamu peke yake zilinitoa jasho. Kisha nikamwuliza, "Nimwambie unaumwa nini?"

Mama akatazama mlangoni. "Magoti. Na kichwa."

"Hayo tu?"

"Hayo tu. Miye sina zaidi."

Jibu lilipokuja lilikuwa maswali matupu. Tangu lini amekonda? Anakula? Maumivu yanaanzia wapi hasa? Nikawa namsomea moja baada ya jingine, naye anajibu kwa kutikisa kichwa tu. Nilipofika pale dada alipouliza kama anatokwa na damu, nilishusha sauti, lakini alisikia. Akavuta kanga mpaka puani.

"Twende zetu," akasema.

Tulirudi mara kadhaa. Kila tukirudi, magoti. Dada naye akiuliza, mama akijibu magoti, mimi katikati nikidonoa herufi kama kuku. Siku moja nilipofika nyumbani nilijitupa kitandani bila kuvua viatu, nikamwambia mke wangu sina nguvu tena. Mtu anaisha mbele yangu na hataki kusema anaumwa nini.

Mke wangu alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua uso.

"Weye ni mwanawe. Ulitaka akwambie weye?"

Kesho yake hakwenda sokoni. Alipata kuwa mpiga chapa wa chama cha ushirika kabla hakijafa, na vidole vyake vilikuwa bado havijasahau. Aliondoka na mama asubuhi, mimi nikabaki kufagia uwanja uliokwisha fagiwa.

Walirudi adhuhuri. Macho ya mama yalikuwa mekundu, akapita moja kwa moja ndani. Mke wangu akanywa maji, akakaa.

"Kesho tunarudi hospitali. Safari hii tunamtafuta daktari wa kike, na mimi ndiye ninayeingia naye. Dada yako kasema tusingoje."

"Ana nini?"

"Ni mambo ya wanawake."

Sikuuliza tena. Mama alipasuliwa wiki ileile. Aliyempasua alimwambia mke wangu kwamba tumechelewa, ila si sana. Mpaka leo jina la maradhi yale sijaambiwa, wala sijalitafuta.

Alipona. Ilichukua muda, mke wangu ndiye aliyemuuguza, na pale sokoni mtu mwingine alikuwa ameshika nafasi ya mke wangu pamoja na wateja wake, ikabidi aanze upya kando ya barabara ya Muheza, juani. Mama alikuwa hajarudi Mwera bado. Baada ya swala ya alasiri alikuwa akiniuliza, "Mwenzio karudi? Nina maneno ya kumwambia mwanangu wa Maskati."

Mke wangu, na uchovu wake wote, alikuwa akinawa unga mikononi na kumpeleka. Mimi niliwasindikiza, nikawa nakaa barazani nje ya duka. Nilisikia vidole vya mke wangu vikikimbia, na mama akisema kwa sauti ya chini, akicheka mara mojamoja. Nilikuwa nimechoka hata sikutaka kujua anacheka nini.